Atupele, Nani Alikufundisha Kukimbilia Wavu

Atupele,

Una adabu mbaya. Nimekulea tangu hujaota meno ya mbele, na Jumamosi umekaa kwenye kiti changu, ndani ya nyumba yangu, ukamjibu mwalimu wa watu uongo mbele ya macho yangu. Amekuuliza vizuri tu: "Hii tabia ya kuanzisha mpira halafu unakimbilia wavu kama umeitwa, nani alikufundisha?" Ukatazama miguu yako ukasema, "Hakuna mtu, mwalimu. Nilijizoesha tu."

Hakuna mtu. Mimi nimesimama pale na sinia la chai, ndiye Hakuna Mtu. Ndaga fijo, mjukuu wangu. Asante sana.

Halafu akakuambia kwamba huko kwenye kituo cha tenisi Afrika Kusini unakokwenda, mchezo huo hawautaki tena. Utakaa nyuma kwenye mstari, utarudisha mpira mara ishirini, mara thelathini, mpaka mwenzako akosee. Na wewe ukasema, "Ndiyo, mwalimu." Haraka hivyo! Hata mwenye kuuza jogoo huomba afikirie kidogo.

Sikufungua mdomo kwa sababu mgeni alikuwa anakunywa chai yangu. Sasa umekwenda Msasani, hii ya hapa Tukuyu, kuwaaga watu wa kwaya, mvua imeshika, najua utakawia, nami nimepata nafasi. Soma yote. Sikuandikii habari za kufua soksi, wala mahali pa kuficha pasi ya kusafiria, wala za kusali. Hayo unayajua, na kama huyajui, saa hizi umechelewa. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mchungaji. Nimeishia darasa la nne, mistari itapanda na kushuka, lakini hakuna aliyenishikia mkono.

Wewe unajua tu kwamba bibi yako alikuwa anafyeka majani kwenye klabu ya shamba la chai. Wenzako shuleni walikucheka kwa hilo, ukaja unalia, nikakupiga kofi. Kofi lile nilikosea. Ningekueleza.

Klabu ilikuwa na kiwanja kimoja cha tenisi, cha majani. Nimekitunza miaka kumi na saba. Asubuhi nafagia majani yaliyoanguka, nakata kwa mashine ya kusukuma, navuta rola la chuma na mwanamke mwenzangu mmoja, kisha nachora mistari kwa chokaa. Mistari yangu ilikuwa imenyooka. Wapo waliosoma sana wasioweza kuchora mstari ule bila kamba. Mimi nilipima kwa macho.

Sasa, mvua ya huku unaijua. Kiwanja hakikauki. Mpira ukidunda kwenye majani mabichi hauinuki, unateleza chini kama panya anayeingia uvunguni. Mabwana waliokuwa wanakaa nyuma kuusubiri walikuwa wanainama, wanachota hewa, wanatukana. Ila mmoja, fundi wa mitambo ya kiwandani, mtu mrefu mwenye magoti mabovu, yeye hakusubiri. Alikuwa anaanzisha mpira na papo hapo anaufuata. Mpira unaporudishwa, yeye yuko wavuni tayari, anaupiga ukiwa bado hewani, umekwisha. Watu wanarudi kwenye chai yao hata viti havijapoa.

Mwanzoni nilimchukia, kwa sababu ya majani. Mtu wa nyuma anachakaza nyuma tu, pale kwenye mstari, unapanda vipande vichache basi. Yule mrefu alikuwa ananichimbia njia mbili, kutoka mstarini mpaka wavuni, kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Kila Jumatatu niko magotini nazibandika. Ni katika kuzibandika ndipo nilipomwelewa. Niliona hatua zake. Niliona mahali anaposimama kidogo na miguu yote miwili, kabla mwenzake hajagonga mpira, kisha ndipo achague upande. Paliandikwa pale chini kama kitabu. Mpira usipoanguka, mvua haina la kuufanya. Basi. Nilielewa hivyo, na hakunieleza mtu.

Jumatatu klabu ilikuwa inafungwa. Mimi na Nsekela, yule mpishi wa klabu, tulikuwa tunachukua raketi zilizotupwa, nyingine tumezifunga kwa nailoni, tunacheza tumevaa kanga zetu. Unacheka? Nsekela alikuwa mzito, anakaa nyuma, ananipigia kelele, "Wewe mwanamke, nani anakufukuza? Subiri mpira ufike!" Nami namjibu, "Nikiusubiri utanikuta mzee." Hakunifunga hata siku moja. Muulize.

Mama yako Subilaga alikuwa anakaa pembeni anaokota mipira. Alipofika miaka kumi na miwili nilimpa raketi. Alipofika kumi na sita alikuwa ananipiga mimi. Alipofika kumi na tisa hakukuwa na mtu wa klabu, bwana wala bibi, aliyemaliza naye mchezo akiwa anatabasamu. Hukujua. Unamjua mama yako kama mwanamke wa Kiwira mwenye meza ya ndizi kando ya barabara, asiyekuja kukuona ukicheza hata siku moja. Umeniuliza mara ngapi, "Bibi, kwa nini mama haji?" Nami nakujibu, "Ana kazi." Kazi! Ndizi haziozi kwa saa mbili.

Sasa sikiliza.

Wakati ule serikali ilikuwa inauza mashamba. Kila siku habari mpya: wanakuja Wahindi, wanakuja Wazungu, wanakuja Wakenya, watu watapunguzwa, klabu itafungwa. Babu yako alikuwa ameshakufa. Nilikuwa na mshahara ule tu na migomba hii. Nilikuwa naamka nina woga, nalala nina woga, na mchana nauficha kwa kuwagombeza watu. Unaniona mkali. Ukali huo ulianzia pale.

Siku moja ya Jumapili walikuja wanunuzi kuangalia shamba. Mkubwa wao alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kofia nyeupe, anapenda tenisi. Meneja wetu, mtu wa hapahapa, mzaliwa wa kijiji cha Suma, akaniita nyuma ya jiko. Maneno yake nayakumbuka kama yalivyo: "Mama Subilaga, mgeni anataka kucheza. Nimemwambia tuna binti hapa anayecheza kama radi. Mwambie Subilaga leo asimwonee mtu haya. Acheze kazi yake yote."

Hivyo ndivyo alivyosema. Kazi yake yote.

Nikatoka jikoni kwenda kumwita mama yako. Ni hatua ishirini, labda thelathini. Katika hatua hizo nikaanza kufikiri. Nikasema moyoni, huyu ndiye anayenunua shamba. Akipigwa na binti wa mfyeka majani mbele ya wenzake, kesho karatasi ya majina iko mbele yake, atakumbuka nini? Nikafika kwa Subilaga, anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Leo usiende wavuni. Kaa nyuma, mrudishie mgeni mipira polepole, afurahi."

Akaniangalia. "Kwa nini?"

"Meneja ameagiza."

"Meneja amesema hivyo? Nisiende wavuni?"

"Amesema."

"Kwa mdomo wake, mama?"

"Kwa mdomo wake. Unataka nikuletee na barua?"

Akamaliza kufunga kamba. Akaenda. Alikuwa mtoto wa kutii, si kama wewe.

Nilisimama kando na ndoo yangu ya chokaa nikaangalia. Alikuwa anaanzisha mpira, mwili wake unakwenda mbele wenyewe, kisha anajivuta kurudi, kama mtu aliyeshikwa kanga kwa nyuma. Mara tatu, mara nne niliona mguu wake wa kulia unaondoka halafu unarudi. Mpaka mwisho ukazoea kutoondoka. Mgeni alishinda. Akavua kofia, akafuta jasho, akacheka, akamwambia meneja, "Sasa radi yenyewe iko wapi?"

Meneja hakumtazama Subilaga. Alinitazama mimi. Alijua. Hakusema kitu, siku ile wala siku nyingine. Mtu yule alikuwa na heshima kuliko mimi.

Nsekela ndiye aliyekuwa anahudumia meza. Aliniambia jioni yake, bila kujua ananichoma: kampuni ile ilikuwa na mashamba Kenya, na walikuwa wanatafuta vijana wa kuichezea, wapewe kazi na wafundishwe. Mgeni alisema mezani, "Angekuwa anakimbia mbele kama mlivyonisimulia, ningemchukua. Wa kurudisha mipira tunao wengi." Nsekela akanung'unika, "Mtoto aliingiwa na hofu ya wageni, masikini." Nikamjibu, "Ndiyo, aliingiwa na hofu." Nilisema hivyo, nikala na ndizi zangu.

Na kazi yangu niliyoilinda? Hazikupita hata mvua mbili. Majina yalisomwa ofisini, langu lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Kiwanja kilichimbwa, wakaweka vitalu vya miche ya chai. Nilikwenda nikauchukua wavu usiku wa kuamkia siku ya kuchimba. Ndiyo, niliuiba. Ndio ule nilioufunga hapo nyuma ya migomba, ambao ulijifunzia, kwenye udongo ule mwepesi ambako mpira hauinuki hata ukiuombea. Wewe Bibi Nilijizoesha.

Mama yako hakushika raketi tena. Alikwenda Kiwira, akaolewa na dereva wa lori la makaa ya mawe, baba yako huyo aliyevuka mpaka na hakurudi. Hilo lingempata hata akiwa malkia, silijibebeshi. Lakini kuna moja najibebesha. Meneja yule alipofariki, wilaya nzima ilikwenda mazikoni. Nilipita Kiwira kumchukua mama yako twende pamoja. Alikuwa anapanga ndizi. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi siendi kumzika mtu aliyenizika. Wewe nenda, mama, ulimpenda bosi wako."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili tu pale mezani. Ningesema, Subilaga, siye yeye, ni mimi. Maneno matano, sita. Nilisema, "Haya, nitakusalimia wafiwa." Nikapanda gari, nikafika, nikakaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikala kande za msiba, nikamtazama mjane wa mtu yule anavyolia. Na nilirudi nyumbani. Kyala, Mungu wetu, alikuwa ananiona.

Mpaka leo anamchukia marehemu. Mimi ananiletea sukari na dawa ya mgongo. Angejua angeniletea nini? Sijui. Nimeogopa kujua.

Sasa unaelewa kwa nini ile "ndiyo, mwalimu" yako ilinikata. Sikukasirikia mwalimu. Mwalimu hajasema uongo, na mimi si mjinga wa kubishana na mtu mwenye jicho. Mwaka juzi Nsekela aliniita kwenye nyumba ya wageni anapopika sasa, kuna televisheni, wanaonyesha fainali ya Wazungu kwenye majani. Sikuangalia wachezaji. Niliangalia majani. Nyuma, pale kwenye mistari, udongo mtupu, pamekwanguka kama kichwa chenye mba. Mbele ya wavu pako kijani, pamejaa, unaweza kulisha mbuzi. Wiki mbili za mashindano na hakuna aliyekwenda pale! Nikamwambia Nsekela, "Hawa watu wanaogopa nini?" Akanicheka, "Hawaogopi, wana akili. Wewe ndiye ulikuwa unapenda kufa mapema."

Na ana haki yake. Nimeona raketi za siku hizi, nyepesi kama mwiko. Nimeona hizo nyuzi ngumu zinavyousokota mpira, unapanda juu kisha unaanguka miguuni mwa aliyesogea, anaokota kama anayechuma uyoga. Viwanja vya saruji vinaushika mpira, unainuka mpaka begani, anayesubiri nyuma ana muda wa kuchagua na kuaga. Yule fundi mrefu akifufuka leo, na magoti yake yale, watampita kulia na kushoto mpaka aombe kurudi kaburini. Najua. Kwa hiyo jifunze kukaa nyuma. Nakuambia mimi, jifunze, na ujifunze vizuri, usilete kiburi cha Tukuyu kwenye nchi ya watu. Mtu asiyeweza kukaa nyuma anakwenda mbele kwa kukosa pa kwenda, na huyo ni rahisi kumpiga.

Lakini Atupele, wewe hukusema ndiyo kwa sababu ya nyuzi wala saruji. Nilikuwepo Dar es Salaam kwenye mchujo, nimekaa juani na mwavuli. Yule binti wa Arusha alikupita kwa mpira mara sita mfululizo ukiwa wavuni. Ya kwanza ulicheka. Ya tatu ulitazama watu. Baada ya ile ya sita ulibaki umesimama nyuma, na mguu wako wa kulia ukaondoka halafu ukarudi. Niliuona. Mguu ule ninaujua. Niliuona siku ile nikiwa na ndoo ya chokaa, na niliufundisha mwenyewe kurudi. Ningeweza, ningejificha chini ya benchi.

Tangu siku ile unatafuta mtu wa kukuambia usiende. Mwalimu amekuambia, umeshukuru moyoni. Usinibishie, nimekuona ulivyoshusha mabega.

Kupitwa kunauma, sikudanganyi. Unakuwa umesimama katikati, mikono imenyooka, mpira umekwenda, watu wanampigia makofi mwenzako, na wewe unatembea kurudi nyuma polepole na kila mtu ana muda wa kukuangalia. Aliyekosea akiwa nyuma hapati aibu ya namna ile. Hiyo ndiyo bei yake na hakuna mtu atakayekupunguzia. Utapitwa huko mpaka uchoke. Lakini yapo mambo ya kazi uliyoyaacha kwa hofu, nayo nakukumbusha. Siku hizi unaurusha mpira wa kuanzia juu ya kichwa. Urushe mbele, ndani ya kiwanja, mwili uufuate wenyewe, usiusukume. Tua na miguu miwili kabla mwenzako hajagonga, si baada. Binti wa Arusha alikukuta kila mara ungali unakimbia. Na pigo la kwanza la hewani usitake kumaliza, lipeleke ndani, miguuni mwake. Tamaa ndiyo iliyokupitisha mara nne kati ya zile sita. Na usiende kila mpira. Yule fundi alikwenda kila mpira kwa sababu mvua ilimruhusu. Wewe chagua. Mara moja katika michezo miwili, mitatu, wakati mwenzako amekuzoea nyuma na ameanza kupumua, nenda. Hata mwalimu wako hawezi kulikataa hilo akiona limelipa, na akilikataa, mwambie kwa adabu umefundishwa na nani. Taja jina langu. Lote, na la ukoo.

Siku utakayobaki nyuma kwa kuwa umepima ukaona ndiyo njia, nitafurahi hata ukishindwa. Siku utakayobaki nyuma kwa sababu ya mguu ule, ujue si wewe unayecheza. Ni mimi, ninatoka jikoni, nina hatua thelathini, nina uongo mdomoni. Sitaki kusafiri na wewe hivyo. Nina mgongo mbovu, niache nyumbani.

Nimesema nimekuandikia wewe. Sasa naona barua hii si yako peke yako. Nimeshindwa kwenda Kiwira miaka yote hii, gari ni karibu hivyo, nauli ninayo, mdomo ninao. Nimezaa mtoto mmoja tu mwenye kipaji nikamfunga kamba kwa mkono wangu, nikamkabidhi maiti amchukie. Nikifa hivi, atanizika vizuri, atalia, na kila chozi litakuwa la mtu mwingine.

Kwa hiyo kesho fanya hivi. Panda basi la kwanza la Mbeya, lile la Dar utalikuta, halina haraka. Likifika Kiwira, shuka na mizigo yako yote, usimwombe dereva akusubiri. Mama yako atakuwa mezani kwake. Msalimie kwa heshima, umpe barua hii mkononi, umwambie imetoka kwangu na asome mwenyewe. Usimsomee. Usimweleze. Usinitetee hata kwa neno moja. Simama pembeni, kama kuna mteja muuzie wewe, mwache amalize mpaka hapa chini.

Akimaliza, hata akilia, hata akinitukana, mngoje anyamaze. Kisha muulize yeye, siyo mimi wala mwalimu, ukae nyuma au uende wavuni. Atakalokuambia lifuate. Ndipo upande basi lingine.

Bibi yako